Kiondo cha Jitu

Wayua alizaliwa mwaka wa njaa kule Mwala, na Wakamba hawana siri na jambo hilo: mtoto wa njaa huitwa Wayua, apende asipende. Mama yake alikuwa mwembamba hivi kwamba akikugeukia ubavu unadhani ameshaenda zake. Baba yake naye alikuwa na kimo cha madebe mawili yaliyobebana. Basi watu wakatazamia kitoto cha kufungwa kwenye pindo la leso. Wayua akakua. Akakua mpaka mlango wa jikoni ukaanza kumwomba radhi. Wazee wakatikisa vichwa wakasema, "Huyu kamfuata nyanya yake," wakimkumbuka mama mzaa baba, mwanamke aliyemkuta punda kachoka njiani, akambeba mabegani, akamfikisha kisimani. Wako wanaosema punda walikuwa wawili, lakini tusitie chumvi.

Hilo la mwili wa nyanya lishikeni vizuri, kwa maana Wayua mwenyewe alilisahau, na kusahau kwake kulikaribia kumpotezea jirani.

Nairobi alikuja kama bibi harusi wa Mulwa, dereva wa lori, wakapata nyumba Maringo, zile za zamani zenye kiua kidogo nyuma. Mulwa alikufa watoto wakiwa bado shule. Wayua hakurudi Mwala. Alikaa chini, akakunja sketi, akaanza kusokota mkonge juu ya paja, na kwa viondo alivyouza soko la Kariokor akamsomesha Mumo na wadogo zake wote mpaka wakaota mabawa wakaruka. Nyumba ikabaki kimya. Ndipo akanunua sungura mmoja jike, mweupe, mdogo kama ngumi ya mtoto mwenye hasira. Akamwita Kibiriti.

Ng'ambo ya ua wa mabati aliishi Thuo, fundi cherehani mstaafu kutoka Murang'a, mzee mwembamba mwenye mdomo mkubwa kuliko koti lake. Mkewe Lydiah alikuwa ameshatangulia. Thuo na Wayua walitukanana kila asubuhi kwa miaka mingi, kwa utaratibu, kama watu wengine wanavyosali. Asipomtukana Wayua kabla ya chai, Thuo alihisi chai haina sukari.

"Mama Mumo, ulikoroma jana usiku mpaka nikadhani treni imehama reli!"

"Baba Owen, heri anayekoroma. Wewe ukilala mtu hajui kama alete uji au jeneza."

Sasa, Thuo alikuwa na dume la sungura. Si sungura wa mchezo. Alitoka kwenye ile mbegu kubwa ya wazungu wanayoiita Flemishi, rangi ya kijivu, masikio kama majani mawili ya mgomba, na jina lake lilikuwa Jitu. Paka wa Maringo walipomwona walivuka barabara. Alipopiga mguu chini usiku, watu wa mtaa wa pili walitoka nje na watoto wakiuliza kama nchi imetikisika. Askari mmoja wa kaunti, aliyekuja kukagua mifugo asubuhi yenye ukungu, alimwamkia "Shikamoo mzee" kabla hajajua anaongea na nani. Kama mnaona ni uongo, mwulizeni Gedi mwenye duka la kona, naye aliapa kwamba Jitu alirudisha "Marahaba."

Wayua akalitamani umbo lile. Akaomba Jitu ampande Kibiriti.

"Huyu wako atapandwa au atakanyagwa?" Thuo akauliza.

"Wewe leta dume. Ya ndoa waachie wenyewe."

Malipo yalikuwa kiondo. Wayua alimpima Jitu kwa uzi, shingo, kifua, kiuno, kama Thuo alivyokuwa akipima wateja wake wa suti, kisha akamsukia kiondo cha mkonge chenye mistari ya zambarau na mikanda ya ngozi. Jitu alipotiwa humo alikijaza sawasawa: mwili ndani, masikio na kidevu nje, akitazama dunia kama chifu kwenye gari lake. Mtaa mzima ukapiga makofi. Kuanzia siku hiyo Jitu hakwenda popote ila ndani ya kiondo chake.

Wiki hiyohiyo Mukami, rafiki yake Wayua anayeuza mboga Majengo, naye alileta jike lake dogo ndani ya karai. Jitu hakubagua.

Watoto wakazaliwa huku na kule, wakakua, na Wayua akangoja majitu. Akangoja. Wakatoka wa kati. Wote. Si ukubwa wa Jitu, si udogo wa Kibiriti. Sungura wa wastani kabisa, wa kupita nao njiani bila mtu kugeuka.

Thuo alicheka mpaka akashika mabati yasimwangushe. "Mama Mumo, mwanangu amekupa suti, wewe umeikata kaptura!"

"Mbegu yako ni ya maji!"

"Chungu chako ni kidogo!"

Wayua alikasirika kiasi cha kwenda kumwuliza Warigia, afisa wa mifugo wa kaunti, binti aliyekulia nyumba ya nne kutoka kwake na bado alimwita susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Warigia alikuja jioni na mandazi kwenye karatasi, akawatazama wale wa kati mmoja mmoja.

"Susu, hawa wako sawa kabisa. Ukubwa wa mwili hauji na mbegu moja. Ni vijimbegu vingi vidogo vidogo. Huyu anaongeza kidogo, yule anapunguza kidogo. Kila mzazi anatoa nusu yake. Jitu ametoa nusu ya ukubwa, Kibiriti nusu ya udogo. Watoto wanaangukia katikati."

Wayua alivuta nyuzi mbili kwenye kikapu chake, moja nene ya zambarau, moja nyembamba nyeupe, akazilaza juu ya paja, akazisokota kwa kiganja mara moja. Ukatoka uzi wa kati.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Na ule mnene umekufa?"

"Haujafa, umo ndani. Ukiwapandisha hawa wa kati wao kwa wao, ni kama kufumua nyuzi zako nyingi na kuzisokota upya ukiwa umefumba macho. Mara nyingi utashika mchanganyiko. Lakini siku moja mkono utashika nyembamba nyingi, siku nyingine nene nyingi. Wajukuu ndio wanaotawanyika, susu. Humo utapata mfano wa babu na mfano wa nyanya." Akapangusa sukari kwenye vidole. "Ila usichague kwa macho ya mapenzi. Waache wakue, uwapime wote. Na kumbuka kwenye mbegu kubwa, mara nyingi jike humpita dume."

Wayua akaitikia kama watu wanavyomwitikia mhubiri, kichwa kikisema ndiyo na moyo ukiwa umeshafika nyumbani.

Basi mvua ndefu zikaja, na katika mvua hizo Jitu akafa. Alikuwa mzee, hakuugua; alikula majani yake ya jioni, asubuhi hakuamka. Thuo hakukubali nyama iguswe. Alimzika chini ya mpapai nyuma ya nyumba, akatundika kiondo kitupu kwenye msumari kando ya mlango, akaingia ndani. Asubuhi iliyofuata hakuna tusi lililovuka ua. Wala iliyofuata. Wayua alikohoa kwa makusudi, akaangusha sufuria, hata akaimba. Ng'ambo, kimya.

Wiki chache baadaye alimkuta kwenye duka la Gedi, ananunua kamba.

"Ya nini hiyo? Unataka kuanika nguo ukiwa na shati mbili?"

"Ya kufunga mizigo," Thuo akasema bila kumtazama. "Krismasi Owen anakuja na pikapu. Nahamia kwake, mtaa wa Fedha."

Gedi aliacha kuhesabu peremende.

"Fedha kuna nini?" Wayua akauliza.

"Kuna lifti."

"Inapanda?"

"Owen anasema watatengeneza."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na sungura?"

"Sungura gani, Mama Mumo? Sungura wangu si amekufa?"

Fedha si mbali. Ukiwa na nauli unafika kabla maziwa hayajachacha. Lakini Wayua alijiona, na magoti yake yanayolalamika, anapanda ngazi za ghorofa nne kwenda kutukanwa, na akajua hatapanda. Na asiyetukanwa asubuhi ataanzaje siku? Atazungumza na nani, na sukuma wiki? Na mtu wa aina yake akibanwa hutoa maneno makubwa.

"Jitu hajafa," akasema.

"Nimemzika kwa mikono yangu."

"Umezika ngozi. Yeye yumo kwa hawa wa kati, amelala. Anarudi kwa wajukuu. Kwenu Murang'a mjukuu wa kwanza wa kiume anaitwa nani?"

"Jina la babu yake."

"Na kwetu Mwala pia. Mnadhani wazee walikuwa wajinga? Babu hurudi. Nakwambia kabla ya Krismasi kutakuwa na sungura wa ukoo wa Jitu wa kukijaza kile kiondo."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, pembe moja ya mdomo wa Thuo ikapanda juu. "Masikio nje?"

"Masikio nje, kidevu nje."

"Akitokea huyo, sihami. Tena nitambeba mgongoni kwa leso kama mtoto, kutoka hapa mpaka Kariokor, nikiimba."

"Asipotokea, nitabeba mimi sungura nilio nao."

"Na utaimba kwa Kikuyu."

"Kikuyu changu kibovu, Baba Owen."

"Ndiyo maana."

Gedi akanyoosha mkono kupitia nondo za dirisha la duka, akaishika mikono yao miwili pamoja. "Wallahi mimi shahidi. Na siku hiyo nafunga duka."

Wayua alimchagua jike wa kati mmoja kwa binti za Kibiriti, na Mukami akaleta dume la kati kutoka Majengo. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Warigia aliposikia alikuna kichwa, akasema kwa sungura mara moja itavumilika, ila isiwe mazoea. Jike likang'oa manyoya ya tumbo, likatandika kiota, likazaa. Humo kiotani mlikuwa na kila namna: kijivu cha Jitu, weupe wa nyanya, na wengine wenye mabaka kama blanketi la mlinzi.

Na hapo ndipo Wayua alipokosea, kosa la mtu wa ukoo mzuri.

Kwao jina halitafutwi. Jina hukaa likimngoja mtoto. Watoto walipofungua macho na dume likajulikana na jike likajulikana, dume la kwanza kuingia mkononi mwake akaliita Jitu, kama babu yake. Jike la kwanza akaliita Kibiriti, kama nyanya yake. Hakupima, hakulinganisha. Kwa nini apime? Jina limeshapima.

Walipoacha ziwa, ikafika zamu ya Mukami kulipwa. Desturi ya wafuga sungura ni kwamba mwenye dume hupewa mtoto mmoja. Wayua akamkabidhi Kibiriti Mdogo.

Mukami alimgeuza. "Mbona miguu ya nyuma mirefu hivi? Kama kavaa viatu vya kaka yake."

"Ya kukimbilia. Mchukue, ana jina la nyanya yake. Hatakula sana."

Mukami akamtia ndani ya karai, juu ya mboga za terere alizobakiza, akaenda zake Majengo.

Sasa Jitu Mdogo ndiye aliyelelewa. Aliachwa anyonye peke yake wenzake walipokwisha kutolewa. Alipewa chakula cha dukani, majani ya mihogo, karoti, na Jumapili kipande cha ndizi. Akavimba akawa duara kama andazi lililokaangwa na mama mwenye furaha. Kwa umri wake hakuna aliyewahi kuona sungura wa unene ule. Wayua alimwinua juu ya ua kila asubuhi.

"Baba Owen! Umeshajifunza kufunga leso?"

Na Thuo, ambaye wiki zile alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu, akajibu, "Huyo ni mwili au ni gesi?"

Matusi yalirudi. Wayua akalala vizuri. Lakini kufikia Oktoba andazi likaacha kuumuka. Jitu Mdogo alikula kama kawaida, akatazama kama kawaida, akabaki palepale. Ndugu zake waliokuwa wakila mabaki wakamfikia, wakampita, wakasimama katikati kama wazazi wao. Ikafika Desemba, mwenye jina la babu akawa ndiye mdogo kuliko wote kizimbani, mnene tu, mfupi, mfano wa nyanya yake Kibiriti mtupu.

Warigia alimpapasa mbavu, akasikitika kwa tabasamu. "Susu, chakula hujaza nyumba, lakini hakiongezi vyumba. Unene huu ni wa kulishwa. Mfupa wake ulishaamuliwa siku ile alipotungwa."

"Na jina?"

"Jina halina uzito, susu."

Wayua alikasirika naye siku mbili, akamnyima hata chai.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi pikapu ya Owen iliingia Maringo. Owen ni kijana mpole, karani wa bandari ya nchi kavu, na alikuwa ameleta soda za kila mtu, jambo lililomfanya Wayua ashindwe hata kumchukia. Kitanda kikapanda garini. Cherehani ikapanda, imefunikwa shuka kama maiti ya heshima. Majirani wakajaa, kwa kuwa mkataba ulijulikana mpaka mtaa wa Jericho, na Gedi kweli alikuwa amefunga duka. Alikaa juu ya kreti, shahidi, ananyonya soda.

Thuo akashusha kiondo kwenye msumari, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye kibaraza. "Mama Mumo. Haya."

Wayua akamleta Jitu Mdogo, akamtia ndani. Akazama. Watu wakainama kuchungulia. Kule chini, gizani, Jitu Mdogo alikuwa amekaa kama kitunguu kimoja kilichosahauliwa baada ya soko.

"Yupo?" Gedi akauliza. "Au ametoka kwa nyuma?"

Ua mzima ukalipuka kicheko. Hata Owen aligeuka kando, mabega yakitikisika. Wayua akacheka pia, maana hata mwenye kufiwa angecheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kamba, ile iliyonunuliwa kwa Gedi, ikikazwa juu ya viti vya Thuo.

"Nipeni leso," akasema. "Ahadi ni ahadi. Nitabeba na nitaimba."

Akafunga leso kiunoni kwanza, ajipange. Thuo alimtazama mwanamke yule mkubwa akiwa na kile kisungura mkononi, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuaga, akaaga kwa tusi.

"Tazameni, watu wa Maringo! Mama huyu wazazi wake walimwita Njaa. Njaa! Na mwili kama lori la mumewe. Na yeye kamwita huyu Jitu. Kweli nyinyi Wakamba majina mnayagawa gizani!"

Watu wakacheka tena. Wayua hakucheka. Alisimama mdomo wazi, leso ikining'inia.

Njaa. Mama yake mwembamba, baba yake madebe mawili, na yeye hivi alivyo. Nani alimpa mwili huu? Si jina. Ni nyanya yule wa punda. Jina lilisema kingine na mwili ukaenda zake kwingine, tangu siku ya kwanza, na yeye ameubeba ushahidi huo maisha yake yote akipita nao milangoni kwa ubavu. Jina halina uzito. Wajukuu hutawanyika. Mara nyingi jike humpita dume. Na miguu ile ya nyuma, mirefu, kama kavaa viatu vya kaka yake...

"Kibiriti!" akapiga kelele.

"Nani anataka kuwasha nini?" Gedi akashtuka.

"Owen, mwanangu, gari lisiondoke! Likiondoka nitalaani tairi zake moja moja!" Akanyakua kiondo, akamrushia Thuo Jitu Mdogo mikononi, akakimbia. Wayua kukimbia! Mitungi ya maji iligongana madirishani. Kijana wa boda boda pale kona alimwona anakuja akafikiri nyumba yote inamfuata.

"Niaje mathe, tunaenda wapi?"

"Majengo! Na ukinisalimu tena tutachelewa!"

Kule Majengo Mukami alikuwa nyuma ya nyumba yake anapigilia mbao kwenye kizimba, kwa mara ya tatu mwezi huo.

"Afadhali umekuja!" akafoka. "Mchukue mtu wako! Hatakula sana, ulisema. Huyu amekula terere, amekula sukuma, amekula na kipande cha mlango! Wateja wangu wanakuja kumtazama hawanunui kitu!"

Wayua akachungulia. Gizani, macho mawili ya kijivu yakamtazama kutoka mahali palipo juu kuliko alivyotegemea.

Huko Maringo soda zilikuwa zimekwisha. Owen alitazama saa, akamtazama baba yake, na baba yake akasema, "Ngoja kidogo," kisha baadaye kidogo akasema tena, "Ngoja." Alikuwa bado amempakata Jitu Mdogo bila kujijua, akimkuna nyuma ya masikio.

Boda boda ikasikika. Ilikuja polepole, imelemewa, dereva kakunja uso kama anayevuka mto. Nyuma yake Wayua, na mapajani mwake kiondo. Na juu ya kiondo masikio mawili yakipepea kama bendera za harusi, na chini ya masikio kidevu kinene chenye mkunjo, chifu kwenye gari lake.

Wayua alishuka, akakiweka kiondo kwenye kibaraza palepale pa mwanzo. Mkanda mmoja wa ngozi ukatoa mlio mdogo, ta, ukakatika.

Thuo akachuchumaa. Alimpapasa mgongo, akafika mabegani, akafika kwenye sikio, akalinyoosha kwa vidole viwili kama fundi anayepima kitambaa kizuri. Kijivu kilekile. Pua ileile inayodharau watu.

"Ni jike," akasema mwishowe, sauti ikiwa na mikwaruzo.

"Ni jike. Anaitwa Kibiriti."

"Kibiriti," Thuo akarudia. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na watu hawakujua ni kilio au kicheko mpaka alipoinua uso, na hata hapo hawakujua vizuri. "Huyu Kibiriti anaweza kuchoma Nairobi nzima!"

Gedi akasimama juu ya kreti. "Masikio nje! Kidevu nje! Shahidi ameona! Owen, ndugu yangu, shusha kitanda."

Owen aliangalia mizigo aliyoipanga asubuhi yote, akaangalia baba yake aliyekuwa ameshasahau kama ana mwana wa kiume duniani, akaanza kufungua kamba. "Sawa," akasema. "Lifti yenyewe haijatengenezwa."

Wayua akafungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaishika kwa ncha mbili. "Baba Owen. Inama."

Ilichukua watu watatu kumfunga. Kibiriti alipokaa sawa mgongoni, masikio yake yalizidi kofia ya Thuo, na ukiwatazama kwa nyuma usingejua nani kambeba nani. Wakaondoka, Thuo mbele akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ule aliokuwa akiuimba Lydiah, sauti yake ikipotea na kurudi. Wayua kando yake na kiondo chenye mkanda uliokatika. Gedi, Owen, Warigia na nusu ya Maringo nyuma. Majengo, Mukami alitoka na sufuria na kijiko akaongeza ngoma. Kariokor mafundi wa viatu vya tairi waliweka visu chini wakasimama juu ya mabenchi.

Mama mmoja mzee, macho hafifu, akamshika Thuo mkono. "Hongera, baba. Mtoto ana afya. Ni wa kwanza?"

"Ni mjukuu," Thuo akasema kwa fahari.

Na papo hapo mjukuu, akiwa amechoka na wimbo, akamwaga maji ya moto mgongoni kwa babu, mengi, mpaka yakafika kwenye soksi.

Wayua akafunga macho kwa raha. "Amekubariki, Baba Owen. Mtoto akikukojolea huhami tena."

"Mama Mumo," Thuo akasema, akijikunja, maji yakimchuruzika, "nyanya yako alibeba punda. Mimi niondolee huyu kabla sijazama."

Hakumwondolea. Walikuwa bado hawajafika kwenye banda lake la viondo, na alitaka majirani zake wote pale wamwone. Tena mwendo huohuo alikuwa ameshaanza kupima kwa macho: kifua kile, mabega yale. Kiondo kijacho kitahitaji mkonge mara mbili.

Watu wa Maringo watakwambia kwamba kesho yake, Krismasi yenyewe, kabla ya chai, tusi lilivuka ua wa mabati kwa nguvu kiasi cha kuangusha mapapai mawili. Mimi nasikia yalikuwa matano.